Asili ya "Operesheni" katika Vikuzaishara

Mzee wa Kisarawe akitajiwa "operesheni", huenda akakumbuka mwaka 1974, wakati Operesheni Vijiji ilipokuwa ikihamishia watu katika vijiji vipya. Mkazi wa Kibaha huenda akafikiria chumba cha upasuaji katika hospitali ya Tumbi. Kwa hiyo istilahi "amplifaya ya operesheni" yaweza kuwapotosha wote wawili.

Asili yake ni hesabu. Mwaka 1947 John Ragazzini na wenzake huko Marekani walikiita hivyo kikuzaishara kilichoweza kujumlisha, kutoa na kadhalika ndani ya kompyuta za analojia. Vile vya awali vilitumia vali na umeme mwingi. Chipu ya 741, iliyotolewa mwaka 1968, ilihitaji takriban miliampea 1.7. Baadaye zilitengenezwa zinazotumia maikroampea chache tu, ndipo vifaa vidogo vya kupimia vikaweza kukaa na betri moja kwa miezi mingi.

"Kikuza sauti" nacho hakitoshi, kwa kuwa kinachokuzwa chaweza kuwa ishara ya joto, ya mwanga au ya pigo la moyo. Shuleni tumekwisha kuzoea "matendo" ya kujumlisha na kutoa. Basi yafaa kusema "kikuzaishara cha matendo". Kile cha vifaa vya betri na kiitwe "cha matumizi madogo ya umeme", wala si "cha umeme mdogo". Fundi wa Kibaha akidhani ni dhaifu, ataweka kingine chenye kumaliza betri upesi.