Sotoka: ugonjwa wa ng'ombe ulioigeuza Serengeti

Ukiuliza nani anatawala Serengeti, wengi watakwambia simba. Lakini simba anakula alichokula nyumbu, na nyumbu anakula jua lililohifadhiwa kwenye nyasi. Kwa miaka 70 hivi, kiasi cha nishati kilichovuka kutoka kwenye nyasi kwenda kwa nyumbu kiliamuliwa na kirusi cha ng'ombe.

Sotoka iliingia Pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880, inaaminika pamoja na ng'ombe walioletwa kwa ajili ya jeshi la Italia huko Eritrea. Miaka michache tu baadaye ilikuwa Umasaini, na kufikia 1897 ilikuwa imeshafika kusini kabisa mwa bara. Sehemu nyingi, katika kila ng'ombe kumi walikufa tisa au zaidi. Wamasai wanakiita kipindi hicho Emutai, yaani kumalizika, maana ndui na njaa vilifuata nyuma yake. Oscar Baumann, msafiri Mwaustria aliyepita Ngorongoro mwaka 1892, aliwakuta watu waliobaki mifupa na ngozi.

Nyati na nyumbu nao walikufa kwa wingi. Pundamilia je? Huyo hakuguswa. Sotoka hushambulia wanyama wenye kwato zilizogawanyika, na pundamilia ni wa ukoo wa farasi. Mshike hapo, tutamrudia.

Sasa ruka hadi 1958. Bernhard Grzimek na mwanawe Michael wanaruka juu ya Serengeti na ndege yao ndogo wakihesabu wanyama, na wanapata nyumbu wasiofika laki moja. Hesabu ile ilikuwa ya chini, lakini hofu yao ilieleweka. Mwaka uliofuata Wamasai waliokuwa wakiishi ndani ya hifadhi walihamishiwa Ngorongoro. Kwa maoni yangu hapa ndipo historia inapouma: mandhari iliyokuwa inalindwa kama “asili isiyoguswa” ilikuwa mgonjwa ambaye hajapona, na walioondolewa walikuwa wajukuu wa watu waliougua pamoja nayo.

Dawa ilitoka kwenye zizi. Huko Muguga, karibu na Nairobi, Walter Plowright na wenzake walitengeneza chanjo kwa kukuza kirusi katika seli za figo za ndama. Ng'ombe wa kuizunguka Serengeti wakachanjwa. Hakuna nyumbu hata mmoja aliyechomwa sindano, ila kufikia mwaka 1963 hivi sotoka ilikuwa imepotea kwao pia. Kumbe ghala la ugonjwa lilikuwa ng'ombe, na wanyamapori walikuwa wanaambukizwa tu!

Ndama wa nyumbu wakaanza kuvuka mwaka wao wa kwanza. Mwaka 1961 nyumbu walikadiriwa kuwa kama 260,000; kufikia 1977 walikuwa karibu milioni 1.4. Ungeweza kusema labda ni mvua tu zilikuwa nzuri, nyasi zikawa nyingi. Basi mrudie pundamilia: anakula nyasi zilezile, mvua ileile, lakini idadi yake haikupanda hivyo.

Simba na fisi waliongezeka, hilo halishangazi. Kinachonifurahisha mimi ni moto. Moto na nyumbu wanagombea chakula kimoja, nyasi kavu. Nyumbu walipokuwa wachache, nyasi zilibaki ndefu, kiangazi kikifika zinawaka, na sehemu kubwa ya hifadhi ilikuwa inaungua karibu kila mwaka. Miche ya migunga iliungua kabla haijarefuka. Nyumbu walipojaa, nishati iliyokuwa inaishia hewani kama joto na moshi ikaanza kupita tumboni na kurudi ardhini kama samadi. Moto ukapungua, miti ikarudi, na twiga akapata majani. Watafiti waliopiga hesabu baadaye waliona Serengeti imegeuka kutoka sehemu inayotoa kaboni kuwa sehemu inayoihifadhi.

Sotoka ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011, ugonjwa wa pili baada ya ndui. Binamu yake bado yupo: sotoka ya mbuzi na kondoo, iliyothibitishwa kaskazini mwa Tanzania mwaka 2008. Chanjo yake ipo, na kama ile ya kwanza, inachomwa zizini.