Wakili wa Tabora na kesi ya Mwalimu

Wadau, ukitaja historia ya Tabora watu hukimbilia misafara. Bagamoyo mpaka Unyanyembe, hapo njia inagawanyika, hawa Ujiji, wale Karagwe. Pembe, watumwa, wapagazi, miembe. Halafu reli ya Mjerumani inafika 1912 na hadithi inaishia hapo. Leo naomba tuiache misafara tuzungumzie kesi. Kesi yenyewe haikusikilizwa Tabora, lakini bila Tabora huielewi.

Januari 1958 TANU walifanya mkutano wao mkuu Tabora, mji ambao Nyerere alisoma na baadaye akafundisha, pale St. Mary's. Ajenda iliyowatoa jasho ilikuwa Kura Tatu. Serikali ya mkoloni ilitaka kila mpiga kura achague watu watatu: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Na si kila mtu alikuwa na haki ya kupiga kura. Mojawapo ya sifa ilikuwa kipato cha pauni 150 kwa mwaka, na mkulima gani alikuwa nazo? Wajumbe wengi walitaka kususa. Nyerere akawashawishi wakubali kumeza kidonge kichungu ili waingie Baraza la Kutunga Sheria. Zuberi Mtemvu akajitoa na kuunda chama chake. Ndio huo tunaouita Uamuzi wa Busara.

Miezi minne tu baadaye, katika Sauti ya TANU, Nyerere akaandika makala kali dhidi ya Mabwana Shauri wawili. Akashitakiwa kwa kashfa, kesi ya jinai, si madai. Julai 1958 akapanda kizimbani Dar es Salaam mbele ya Hakimu L.A. Davies. Kutoka Uingereza akaja D.N. Pritt, yule aliyemtetea Kenyatta kule Kapenguria. Lakini pembeni yake walikaa mawakili wa hapa hapa: K.L. Jhaveri wa Dar es Salaam, na Mahmud Rattansey, wakili kutoka Tabora. Ajabu ni kwamba Pritt anakumbukwa, Rattansey hatajwi sana. Mhindi wa Tabora anamtetea kiongozi wa TANU, mwaka ule ule ambao sheria ya uchaguzi ilitaka watu wahesabiwe kwa rangi zao!

Agosti 11 hukumu ikatoka: ana hatia. Faini shilingi 3,000 au jela miezi sita. Piga hesabu, shilingi 3,000 za wakati ule ni pauni 150, kiasi kile kile cha kipato cha mpiga kura. Sadfa tu, najua, lakini inachekesha.

Kuna waliotamani aende jela, maana jela ilishawatengeneza mashujaa wengine. Miezi sita kuanzia Agosti ingempitisha uchaguzi wa Septemba akiwa ndani. Akalipa. Kwangu mimi huo ni Uamuzi wa Busara wa pili, ila huu haukuhitaji mkutano mkuu. Septemba TANU na wale iliowaunga mkono wakashinda, na Februari 1959 hivyo hivyo.

Sasa sehemu inayonikera kama mwandishi. Ungetegemea mtu aliyetozwa faini kwa makala yake aifute sheria ile akishashika dola. Wapi! Uhuru ukaja 1961, jinai ya kashfa ikabaki. Mwaka 1976, Mwalimu akiwa Rais, ikawekwa ndani ya Sheria ya Magazeti. Ilipotungwa Sheria ya Huduma za Habari mwaka 2016, Rais wa tano akiwa madarakani, kashfa bado ikawa kosa la jinai. Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, ikasema vifungu kadhaa vya sheria hiyo, cha kashfa kikiwemo, vinakwenda kinyume na Mkataba wa Jumuiya. Ni mwaka 2023 tu Bunge lilipofanya marekebisho na kashfa ikaacha kuwa jinai, ikabaki shauri la madai.

Miaka 65 tangu hukumu ya Davies. Hata hayo madai si mchezo. Mimi mwenyewe nimewahi kuona habari yangu ya mahakamani ikikatwa aya tatu kwa sababu mtu mmoja mezani alisema, "Huyu bwana atatudai mabilioni." Aya zenyewe zilikuwa zimetoka kwenye hati ya mashitaka.