Kukisoma Kichwa Bila Kukipasua

Mwaka 1951 mwanaakiolojia Mary Leakey na mumewe Louis walifika Kondoa, wakapanda vilima vya Kolo kunakili michoro ya kale iliyo kwenye kuta za miamba. Kazi ilikuwa ngumu kuliko ilivyoonekana kwa mbali. Wachoraji wa zama mbalimbali walikuwa wamechora juu ya kazi za waliowatangulia, umbo jeupe la baadaye limelala juu ya watu wembamba wekundu wa zamani, mstari wa mnyama umekatiza mstari wa binadamu. Aliyetazama kwa pupa aliona rangi zilizovurugika tu. Mary alinakili kwa karatasi angavu, umbo baada ya umbo, na ndipo watu wale wa kale walipojitokeza mmoja mmoja.

Kusini mwa hapo lipo jiji la Dodoma, na humo kila usiku kuna daktari anayekaa mbele ya picha iliyolaliana vilevile: CT skani ya kichwa, makumi ya vipande vya rangi ya kijivu, fuvu jeupe pembeni na ubongo katikati. Tumeshangilia mashine hizi zilipowasili, na tulikuwa na haki. Ila mashine ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni utaratibu wa jicho, yaani lianzie wapi, lipite wapi, na lisiruke nini. Nayo ina historia yake, ambayo kwa sehemu kubwa ni historia ya watu waliotaka kujua yaliyomo kichwani bila kukipasua.

Kupasua kulikuwapo, tena hapa hapa Afrika Mashariki. Abagusii wa magharibi mwa Kenya walikuwa na fundi waliyemwita omobari omotwe, mpasuaji wa kichwa. Mtu aliyepigwa rungu au aliyeanguka, kisha maumivu ya kichwa yakakataa kumtoka, alipelekwa kwake. Fundi alifungua ngozi, akakwangua mfupa kidogo kidogo, akaufunua utando wa ubongo bila kuutoboa. Edward Margetts, daktari wa magonjwa ya akili aliyefanya kazi Nairobi miaka ya 1950, aliichunguza kazi hiyo na kuiandika kwa makini, na wagonjwa wengi waliishi. Lakini fundi hakuwa na njia ya kujua kilichokuwa chini ya mfupa kabla ya kuufikia. Alikuwa na maelezo ya mgonjwa na vidole vyake.

Daktari wa hospitali ya misheni pale Mvumi au Kilimatinde hakumzidi sana kwa jambo hilo. Alikuwa na tochi. Alimulika mboni za macho, na moja ikiwa imetanuka na haisinyai kwa mwanga, alijua ubongo unasukumwa. Nini kinausukuma, na kiko wapi hasa, hakikuonekana.

Eksirei haikutosha. Wilhelm Röntgen aliigundua miale hiyo Würzburg mwezi Novemba 1895, na tangu siku za mwanzo madaktari waliielekeza kichwani, wakapata picha nzuri ya fuvu na ubongo usioonekana kabisa. Walijifunza kubahatisha kwa werevu. Katikati ya ubongo kuna tezi ndogo ambayo kwa watu wazima wengi huota chokaa, ikaonekana kama punje nyeupe. Punje ikikutwa imehama kutoka mstari wa kati, basi kuna kitu upande mmoja kinachosukuma. Naipenda punje hii, kwa sababu ndiyo somo la kwanza la usomaji wa kichwa: kabla hujatafuta ugonjwa, tafuta kilichohama.

Walter Dandy wa Baltimore alienda mbali zaidi mwaka 1918. Aliingiza hewa ndani ya vyumba vya ubongo ili vionekane kwenye eksirei, na mwaka uliofuata akaonyesha kwamba hewa hiyo inaweza kupitishwa uti wa mgongo. Wagonjwa waliumwa vichwa na kutapika kwa siku kadhaa. Mwaka 1927 Egas Moniz wa Lisbon alidunga dawa kwenye mshipa wa shingo, mishipa ya damu ya ubongo ikajichora. Kwa nusu karne hizo ndizo zilizokuwa njia. Zote zilionyesha kivuli cha jirani wa ubongo, hewa au damu, na msomaji akakisia ubongo wenyewe.

Mwaka 1956 hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, ilihitaji mwanafizikia wa kusimamia vifaa vya mionzi, na kijana Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, akaazimwa kutoka chuo kikuu kwa siku moja na nusu kwa wiki. Alipowaona wenzake wakipanga mionzi ya kutibu saratani, aliudhika: walikadiria kana kwamba mwili wote ni kitu kimoja, ilhali mfupa, nyama na mapafu havizuii mionzi kwa kiasi sawa. Akajiuliza kama mtu anaweza kupima mionzi inayopita kutoka pande nyingi, kisha kwa hesabu akajua kilichomo ndani, sehemu kwa sehemu. Hesabu ikakubali. Aliichapisha mwaka 1963 na 1964, na karibu hakuna aliyeijali.

Huko Uingereza mhandisi Godfrey Hounsfield wa kampuni ya EMI alifika penye wazo hilo kwa njia yake, bila kumjua Cormack. Jaribio lake la mwanzo lilichukua siku tisa kukusanya vipimo vya kitu kimoja. Tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley, Wimbledon, yeye na daktari wa radiolojia James Ambrose walimlaza kwenye mashine mama aliyeshukiwa kuwa na uvimbe mbele ya ubongo. Picha ilikuwa na miraba 80 kwa 80, hafifu kuliko picha yoyote ya simu ya leo. Uvimbe ulionekana, na mpasuaji akaukuta palepale. Mwaka 1979 Cormack na Hounsfield waligawana Tuzo ya Nobel ya tiba.

Alichotuachia Hounsfield zaidi ya mashine ni mizani. Maji ni sifuri. Hewa ni hasi 1000. Mfupa hupanda mamia na kupita 1000. Katikati, kwenye uchochoro mwembamba, ndiko kuliko mambo yote ya uhai: maji ya ubongo kati ya 0 na 15, ubongo wenyewe kati ya 20 na 45, damu mbichi iliyoganda kati ya 60 na 80. Jicho la binadamu haliwezi kutofautisha rangi za kijivu 2000, kwa hiyo msomaji hufungua dirisha, yaani huchagua kipande kimoja tu cha mizani: dirisha jembamba la ubongo, pana kidogo la kutafutia damu iliyoshikamana na fuvu, na pana sana la mfupa. Anayesoma kwa dirisha moja amesoma theluthi moja ya barua.

Sasa turudi kwenye uwanda wa Dodoma. Reli ya Kati ilifika Dodoma kama mwaka 1910. Mwaka 1973 mji ukaamuliwa kuwa makao makuu ya nchi, mwaka 2007 ukapata Chuo Kikuu cha Dodoma, na mwaka 2015 Hospitali ya Benjamin Mkapa ikaanza kazi jirani na chuo hicho. Serikali ilipohamia kweli kuanzia 2016, barabara zilijaa magari na bodaboda. Vichwa vinavyoletwa navyo vimebadilika. Zamani ilikuwa fimbo, teke la punda, au kijana aliyeanguka kutoka juu ya mbuyu akichuma ubuyu. Hao bado wapo, na juu yao wameongezeka wasiovaa kofia ngumu. Baada ya janga la UVIKO, katika mpango wa shilingi trilioni 1.3 ulioanza 2021, CT skani zilinunuliwa kwa ajili ya hospitali za rufaa za mikoa. Mgonjwa wa Singida ambaye zamani angepakiwa kwenye gari kwenda Dodoma au Dar es Salaam anaweza kupigwa picha kwao.

Ila bingwa wa radiolojia hakai kila hospitali usiku kucha. Picha inaweza kumfikia kwa mtandao, na majibu yakarudi baadaye. Macho ya kwanza saa nane za usiku ni ya daktari kijana wa zamu, mwenye majeruhi watatu na ndugu zao mlangoni. Huyo ndiye niliyemfikiria nilipoanza kuandika.

Na jicho lake, kama la kila mtu, lina udhaifu uliopimwa. Mwaka 1949 Henry Garland wa San Francisco aliwashtua wenzake alipoonyesha kwamba wasomaji wazoefu wa eksirei za kifua walikosa karibu asilimia 30 ya picha zilizokuwa na ugonjwa. Baadaye ikajulikana sababu mojawapo: jicho likishapata kitu, hutulia. Likiona ufa wa mfupa hushangilia, na damu iliyo upande wa pili inabaki haijasomwa. Upande wa pili hasa, kwa maana ubongo hurushwa na kugonga fuvu mkabala na mahali palipopigwa.

Dawa iliyopatikana ni ya unyenyekevu: kuwa na orodha, na kuifuata hata ukishapata jibu. Daktari wa dharura wa Marekani, Andrew Perron, aliwafundisha wanagenzi wa idara za dharura sentensi fupi ya Kiingereza ambayo kila neno lake huwakilisha hatua. Walipopimwa tena miezi mitatu baada ya somo, usomaji wao ulikuwa umepanda waziwazi. Kwa Kiswahili hatua zenyewe ni damu, mabwawa, ubongo, vyumba, mfupa. Kabla ya zote, soma jina na tarehe, na kumbuka kwamba mkono wa kulia wa mgonjwa uko kushoto kwako, kana kwamba umesimama miguuni pake.

Damu ndiyo ya kwanza kwa kuwa ndiyo inayoua upesi. Iliyo kati ya mfupa na utando mgumu huvimba kama punje ya dengu, mara nyingi kwa sababu mshipa ulio chini ya mfupa wa panja umechanika. Mgonjwa anaweza kuongea vizuri, kisha akazimika. Iliyo chini ya utando hujikunja kama mwezi mwandamo na kuufuata ubongo. Hapa uwanda wetu una onyo lake. Weupe wa damu kwenye picha unatokana na himoglobini, na mtu mwenye upungufu mkubwa wa damu, kwa malaria au kwa selimundu, anaweza kuvuja kichwani na damu yake ikafanana na ubongo. Kwa huyo, usitafute weupe. Tafuta kilichohama, kama wale wazee wa punje ya chokaa.

Mabwawa ni nafasi za maji chini ya ubongo, na moja lina umbo la nyota. Damu ikilijaza, nyota nyeupe hung'aa mahali panapotakiwa kuwa peusi, ishara ya mshipa uliopasuka. Nyota ikitoweka, ubongo umebanwa hadi chini kabisa, na dakika zinahesabika.

Ubongo husomwa kwa kulinganisha kushoto na kulia. Kiharusi cha kuziba mshipa kinaweza kutoonyesha chochote saa za mwanzo, na picha safi haimaanishi mgonjwa ni mzima. Inamaanisha hajavuja damu, jambo analohitaji kulijua daktari anayetaka kuyeyusha donge kwa dawa. Utafiti wa Marekani wa 1995 uliipa dawa hiyo saa tatu, na mwingine wa 2008 ukazisogeza hadi nne na nusu. Mtu wa kijijini Kondoa akikaa nyumbani hadi asubuhi, muda umekwisha.

Katika ubongo pia mna kitu kingine ambacho vitabu vya ughaibuni hukitaja kwa mstari mmoja. Ukingoni mwa uwanda huu, Mbulu, Andrea Winkler na wenzake wa Hospitali ya Haydom walichunguza kwa CT skani watu wenye kifafa, na mwaka 2009 wakatoa taarifa kwamba karibu mmoja kati ya sita alikuwa na alama za mabuu ya tegu wa nguruwe ubongoni: vifuko vyenye kinukta ndani, au punje za chokaa za wale waliokwisha kufa. Watu waliokuwa wakikimbiwa, wakiambiwa wana pepo, walikuwa na mnyoo unaoonekana kwenye picha. Msomaji aliyefundishwa kwa vichwa vya Ulaya anaweza kuzipita punje hizo.

Vyumba vya maji vikipanuka, maji yamekosa njia. Kwa watoto twasema kichwa kikubwa. Mpasuaji Benjamin Warf, alipokuwa Mbale nchini Uganda miaka ya 2000, aligundua kwamba zaidi ya nusu ya watoto aliowaona walikipata baada ya maambukizi ya utotoni, si kwa kuzaliwa nacho, akatengeneza njia ya kuwatibu wengi wao bila mpira wa kudumu wa kupitishia maji.

Mfupa huja mwisho, ingawa ndio unaovuta jicho kwanza. Ufa hukata moja kwa moja. Maungio ya asili ya fuvu huenda kwa meno meno, tena pande zote mbili. Doa dogo jeusi la hewa ndani ya fuvu ni ushahidi wa ufa hata kama ufa wenyewe haujaonekana.

Kisha kuna mzee anayeletwa na wanawe kutoka Bahi. Amepoteza kumbukumbu, anaburuta mguu, familia inasema ni uzee. Hakuna anayekumbuka kwamba aligonga kichwa kwenye kizingiti miezi miwili iliyopita. Jicho linaloanza na weupe halioni kitu, kwa sababu damu ya siku nyingi imefifia na kuwa nyeusi kuliko ubongo. Jicho linalofuata orodha linaona mwezi mwandamo mweusi upande wa kushoto, mikunjo iliyobanwa, mstari wa kati uliosogea. Mpasuaji ananyoa nywele na kutoboa tundu la kadiri ya sarafu, pale ambapo omobari omotwe naye huenda angekwangua. Kinachotoka ni kimiminika cheusi kama oili chafu ya injini, na mara nyingi mgonjwa wa namna hiyo huanza kuwatambua wanawe kabla hajatoka wodini.