Kwa nini kondoo wa Tabora huzaa mwezi wowote

Na Mwandishi Wetu, Tabora

KONDOO wa Tabora hana mwezi maalumu wa kuzaa. Katika zizi moja huweza kukutwa mwanakondoo aliyezaliwa wakati wa mvua na mwingine aliyezaliwa katikati ya kiangazi. Kwa wenyeji hilo ni jambo la kawaida, lakini kwa wafugaji wa Ulaya ni tunu inayotafutwa kwa miaka mingi.

Nchini Uingereza, kondoo wa aina nyingi hupandana kuanzia Septemba, usiku unapozidi kurefuka, na huzaa miezi mitano baadaye, majani mapya yakikaribia kuchipua. Wakati wa giza, tezi ndogo iliyomo ubongoni hutoa homoni iitwayo melatonini. Kadiri usiku unavyorefuka, ndivyo homoni hiyo inavyotoka kwa saa nyingi zaidi, na hiyo ndiyo ishara ya kuanza kwa msimu wa uzazi.

Mjini London, mchana mrefu kuliko yote katika mwaka huuzidi ule mfupi kwa karibu saa tisa. Tabora, iliyo nyuzi 5 kusini mwa Ikweta, tofauti hiyo haifiki dakika 40.

Hata hivyo, mwanga si sababu pekee. Jeni iitwayo MTNR1A, iliyo katika kromosomu ya 26 ya kondoo, hutengeneza kipokezi cha melatonini. Baadhi ya tafiti zimehusisha jeni hiyo na uwezo wa kuzaa nje ya msimu, ingawa kwa aina nyingine za kondoo uhusiano huo haukuonekana. Tabia hii hutawaliwa na jeni nyingi, hivyo kuijenga kwa kuchagua wazazi huhitaji vizazi kadhaa.

Katika karne ya 19, misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilitua Tabora ikihitaji chakula. Zizi lenye kondoo wa umri tofauti huwa na wa kuuzwa wakati wote, faida ambayo mji wa njia kuu hauwezi kuidharau.

Lakini tunu hiyo ina gharama. Mvua za Tabora hunyesha kati ya Novemba na Aprili. Mwanakondoo anayezaliwa Agosti hukuta nyasi zimekauka na mama hana maziwa ya kutosha. Aidha, dume anayeachwa zizini mwaka mzima huishia kuwapanda binti zake.

Dawa ni kumtenga dume, au kumfunga ngozi chini ya tumbo kama wafanyavyo Wamasai. Akiruhusiwa Agosti, kondoo huzaa Januari, baada ya kula majani mabichi katika miezi ya mwisho ya mimba.

Naye mkazi wa mjini anayetaka kupeleka kijijini dume kubwa la kigeni aulize kwanza uzazi wa aina hiyo hufuata msimu gani. Uwezo wa kuzaa mwezi wowote ni urithi. Ukipotea kwa uzao mseto, kuurudisha si kazi ya mwaka mmoja.