Futari ya Boga

Asili ya neno futari ni Kiarabu, na maana yake ya awali ni chakula cha kufungulia saumu. Lakini watu wa pwani, kwa mazoea ya jiko la Ramadhani, wamelihamishia kwenye chungu chenyewe, hata muhogo, viazi vitamu na boga, maadamu vimepikwa kwa nazi, vikaitwa futari. Boga, kwa rai yangu, ndilo bora: likatwe vipande, litokoswe kwa tui jepesi na chumvi kidogo, na pindi liivapo ndipo litiwe kasimile, sukari na hiliki, moto ukiwa mdogo, tui lisije likakatika. (Wako wasiotia sukari, hao nawasamehe.) Maji usiongeze, kwani boga lina maji yake ya kutosha.