Picha Zilizopigwa kwa Darubini, Mwaka 1919

Mtu atazamapo nyota kwa darubini huona mengi, lakini ayaonayo ni yake peke yake. Akiisha kuondoka hana ushahidi ila maneno yake. Kwa hiyo wataalamu walitafuta njia ya kuondoa kile kioo kidogo cha kuchungulia, na mahali pa jicho kuweka bamba la kioo lililopakwa dawa ishikayo mwanga. Kwa njia hii nyota iitwayo Vega ilipigwa picha mwaka 1850 katika chuo cha Harvard, Marekani.

Faida ya kazi hiyo ilidhihirika sana mwaka 1919. Albert Einstein alikuwa amesema ya kuwa mwanga wa nyota upitao kando ya jua hupindishwa na uzito wa jua, hata nyota ikaonekana kama imesogea. Ligawe duara mafungu 360, na kila fungu uligawe tena mafungu 3,600: kila kimoja cha vipande hivyo huitwa sekunde. Einstein alihesabu kuwa nyota iliyo ukingoni mwa jua itasogea sekunde 1.75, kwa elimu ya Newton ilikuwa 0.87 tu. Ni nani, basi, aliyesema kweli? Jicho haliwezi kupima jambo dogo namna hiyo, na nyota zilizo karibu na jua hazionekani ila jua linapopatwa.

Tarehe 29 Mei jua lilipatwa, na kivuli cha mwezi kikatoka Amerika ya Kusini, kikavuka bahari, kikafika hata Kongo na Tanganyika. Waingereza wawili, Eddington na Cottingham, walikwenda Principe, kisiwa kilicho magharibi ya Afrika. Crommelin na Davidson walikwenda Sobral, nchi ya Brazili.

Kule Principe mvua kubwa ilinyesha asubuhi, na mawingu hayakutoweka. Giza lilidumu sekunde 302. Walipiga picha 16, lakini ni chache mno zilizoonyesha nyota za kutosha.

Kule Sobral mbingu zilikuwa safi zaidi, lakini picha za darubini kubwa zilitoka na ukungu; wenyewe walidhani joto la jua limeharibu kioo kilichoelekeza mwanga ndani yake. Ikabaki darubini ndogo, ambayo upana wa kioo chake ulikuwa inchi 4. Katika mabamba yake 8, 7 yalitoka vizuri. Wakangoja hata Julai, jua lilipokwisha kuhama mahali pale, wakapiga picha nyota zile zile usiku ili kuzilinganisha.

Tarehe 6 Novemba habari ilitangazwa London: darubini ndogo ya Sobral ilitoa sekunde 1.98, na Principe 1.61. Hesabu hizi zilikuwa karibu na ya Einstein kuliko ya Newton. Hata hivyo wako waliobisha, nao walikuwa na haki ya kuuliza, maana picha nzuri zilikuwa chache.

Lakini mabamba yalihifadhiwa. Mwaka 1979, miaka 60 baadaye, yale ya Sobral yalipimwa upya kwa mashine bora, na hata yale ya darubini kubwa, yaliyodhaniwa hayafai, yakakubaliana na Einstein. Waliokwenda Sobral walikuwa wamekwisha kufa, lakini ushahidi wao ulikuwapo, na mwenye shaka aliweza kuupima mwenyewe.