Ajali ya gari, kisha kuhonga shahidi: namna ya kukata rufaa juu ya vifungo viwili

Tuseme dereva anatoka Kisangani usiku na lori, mbio sana. Kufika Bengamisa, kwenye barabara ya Buta, anagonga mtu wa baiskeli, anakufa. Nyuma ya siku chache, dereva anamupa pesa mtu aliyeona ajali. Shahidi huyo anakula kiapo na kusema uongo mbele ya jaji. Ukweli unapojulikana, dereva anapata miezi 18 juu ya kifo na miaka 2 juu ya kuhonga shahidi. Jumla ni miaka 3 na nusu. Familia inauliza: kesi ni moja, mbona vifungo viwili?

Sheria inasema nini

Kitabu cha sheria ya adhabu cha Kongo, cha mwaka 1940, kinatenganisha mambo mawili. Tendo moja likizaa makosa mengi, jaji anatoa adhabu moja tu, ile iliyo kali zaidi. Lakini matendo yakiwa mbalimbali, kila moja linapata adhabu yake, na zote zinajumlishwa. Jumla ya miaka ya kifungo haiwezi kupita 20.

Kuua mtu bila kukusudia kunaadhibiwa kwa miezi 3 hadi miaka 2, pamoja na amande. Mwenye kuhonga shahidi anapata adhabu sawa na ya shahidi wa uongo: inaweza kufika miaka 5. Kugonga ni tendo la kwanza, kuhonga ni la pili. Kwa hiyo, kusema tu “kesi ni moja” hakusaidii kitu katika rufaa.

Lakini kama ajali hiyo moja iliua mtu na kujeruhi wengine, na jaji akajumlisha adhabu za kifo na za majeraha, hapo kuna neno la kusema. Mshtakiwa anaweza pia kupinga ushahidi, ao kuomba adhabu ipunguzwe.

Siku ni kumi tu

Hukumu ikitoka mshtakiwa akiwepo, ana siku 10 za kukata rufaa. Kama alihukumiwa bila kuwepo, siku zinahesabiwa tangu alipojulishwa hukumu. Asiyefika kwa wakati anapoteza haki hiyo.

Rufaa inatangazwa kwa karani, kwenye grefi. Avoka akienda kwa niaba yake, awe na prokirasio. Ni vema kuomba karatasi inayoonyesha siku rufaa ilipoandikwa. Hukumu ya tribinali ya amani, ile watu wanaita Tripaix, inaenda mbele ya Tribunal de grande instance.

Akikata rufaa mshtakiwa peke yake, adhabu haiwezi kuongezwa. Parke nayo ikikata, inaweza kupanda. Familia ya marehemu pia ina haki ya rufaa, lakini juu ya malipo yake tu, haiko juu ya kifungo.